Koti Lililopasuka Ndani

Wiki jana tulimwacha Mwalimu Walubengo katikati ya uwanja, jua likimchoma utosi, akiapa kwa kaburi la mama yake kwamba yeye hakuambiwa kitu. Kama hukusoma, usihangaike. Aibu za Walubengo ni nyingi, na hii tutaieleza upya kwa sababu ndiyo inayotupeleka leo.

Walubengo alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya serikali iliyokuwa nje kidogo ya Eldoret, mji ambao enzi hizo za makaburu watu wetu waliuita Sisibo. Shule ilikuwa upande wa pili wa mto Sosiani, kwa hiyo watu waliiita Ng'ambo, basi. Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo pale, tena kwa majaribio. Mnakumbuka alivyojigamba kwa hedmasta, Mzungu ambaye wanafunzi walimbatiza Bwana Kiko, kwamba kikombe cha mbio ndefu hakitavuka mto.

Kikombe kikavuka. Jumamosi Kiptoo, mkimbiaji hodari wa Ng'ambo, aliongoza mpaka kona ya mwisho, akaanguka akiwa ameshika mguu. Vijana wa shule ya misheni ya upande wa mjini wakampita mmoja mmoja kama gogo lililolala njiani.

Goti lilikuwa limekatika ndani. Daktari alisema kijana atatembea, lakini mbio awaachie wenzake.

Pale pale uwanjani mama yake, Jepkemboi, aliyekuwa ametoka mashamba ya Ziwa kwa miguu kuja kumshangilia mwanawe, alimgeukia Walubengo mbele ya watu wote.

"Mwalimu, mtoto alikuambia mapema. Anasema alikuambia."

"Hakuniambia!" Walubengo alipiga kelele. "Angeniambia ningemwacha akimbie? Huyu alificha. Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nilimwambia," Kiptoo akasema akiwa chini, macho amefumba.

Bwana Kiko akaamua. Mwanafunzi anayeficha jeraha anaweza kusamehewa. Mwanafunzi anayemsingizia mwalimu wake uongo atarudi kwao. Ijumaa, mbele ya shule nzima, Kiptoo angetajwa kuwa mwongo, na mama yake angemchukua yeye na sanduku lake. Mtoto wa mkamuaji wa ng'ombe wa kaburu, mguu umekwisha, na sasa masomo pia.

Tulifika hapo. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Walubengo alipoapa hakuwa anadanganya. Alikuwa na hakika. Alichoambiwa na Kiptoo kilikuwa habari ya koti.

Pale Ng'ambo palikuwa na koti moja la kijani lenye vifungo vya shaba. Mshindi wa mbio ndefu alilivaa mwaka mzima, kisha akamvika atakayemfuata. Wavulana waliliogopa koti hilo kuliko walivyoiogopa fimbo. Siku ya mashindano mshindi aliingia nalo uwanjani, watu wakasimama, ndipo akalivua na kukimbia. Mwaka ule lilikuwa mgongoni mwa Kiptoo.

Jumanne kabla ya mbio Kiptoo alikuja kwenye stoo ya michezo. Walubengo alikuwa ameinama anajaza mpira upepo, wala hakugeuka.

"Simama vizuri. Mikono nyuma."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Mwanafunzi akizungumza na mwalimu, mikono nyuma. Anayeongea kwa mikono, Walubengo alipenda kusema, ni muuza kuku.

"Mwalimu, iko shida," Kiptoo alisema, mikono nyuma. "Koti yangu imeharibika."

Walubengo aliacha kupiga pampu. "Limeharibika namna gani?"

"Jumapili nilienda nyumbani. Ng'ombe ikanivuta na kamba, nikaanguka kwa mtaro. Ikapasuka ndani."

"Ndani tu? Nje haionekani?"

"Nje haionekani sana."

Walubengo akashusha pumzi. Bitana tu, alijiambia. Bwana DC angekuja Jumamosi, na wazungu wengine wa mjini, na hedmasta angetaka koti liingie uwanjani kama bibi harusi.

"Basi nyamaza," alisema. "Lifiche, mtu asione. Hedmasta akijua, mimi na wewe tumekwisha."

"Na mbio?"

"Mbio zimefanya nini? Mbio hukimbiwa kwa miguu, hazikimbiwi kwa koti. Ukimaliza, utakuja nyumbani, bibi yangu atalishona."

Kiptoo alitoa macho. "Ataishona, mwalimu?"

"Atalishona."

"Na sindano?"

"Kwani wewe unataka gundi? Sindano na uzi! Nenda zako."

Kiptoo akaenda. Jumamosi akaingia uwanjani na koti lake, Walubengo akalikagua kwa mbali na kujisemea kwamba kijana kweli amelificha vizuri. Mengine mnayajua.

Sasa Jumapili, siku ya pili yake, Walubengo alikuwa ameketi nyumbani kwake kwenye nyumba za walimu, hataki chai, hataki uji. Mkewe Nasike aliliona koti, lile mumewe alilolibeba kutoka uwanjani, likining'inia mlangoni.

"Leta hiyo koti nishone kabla jua haijaingia," alisema. "Angalau kitu moja irudi shuleni ikiwa nzima."

Alilichukua, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Akaligeuza nje ndani. Akapitisha vidole kwenye bitana, mkono kwa mkono, mfuko kwa mfuko.

"Baba Nekoye, umesema imepasuka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Hii koti haina hata uzi moja imetoka."

Walubengo aliinuka, akalinyakua. Akalitazama dirishani. Bitana ilikuwa nzima.

Mnajua alifanya nini? Alifurahi. Ndiyo, ndugu zangu, tusimfunike. Mtu aliyekuwa hali wala hanywi, uso ulimchanua.

"Mwongo mara mbili!" alisema. "Alinidanganya habari ya koti, akanidanganya habari ya mguu. Naenda kumwonyesha Bwana Kiko sasa hivi. Kofia yangu iko wapi?"

"Kofia iko kichwani," Nasike alisema. "Na kabla hujaenda, nipe mkono nisimame. Hii baridi ya Sisibo itaniua. Koti yangu inauma tangu asubuhi."

Walubengo alikuwa tayari mlangoni. Akasimama.

"Umesema nini?"

"Nasema koti yangu inauma."

"Sema tena."

"Koti! Koti!" Nasike alijipiga kwenye goti. "Kwani leo umekuwa kiziwi?"

Walubengo aliketi pale pale kizingitini, koti la kijani likiwa mapajani.

Huyu ni mtu aliyesomea ualimu pwani na kurudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Darasani aliwacheka watoto wa huku kwa sababu gari kwao ni kari na goti kwao ni koti. Wabukusu wenzake walisema hivyo, Wanandi walisema hivyo, mkewe alisema hivyo kila siku ya Mungu. Aliyasikia kila siku. Siku moja tu ambayo masikio yake yangefaa kitu, yalikuwa yanafikiria vifungo vya shaba.

Sasa maneno yote ya stoo yakamrudia, na kila moja lilikuwa limegeuka. Goti limepasuka ndani. Lifiche, mtu asione. Mbio hazikimbiwi kwa goti. Bibi yangu atalishona kwa sindano. Kijana alikuja kuomba msaada, mikono nyuma kama alivyofundishwa, bila ruhusa hata ya kuonyesha kidole mahali panapouma. Mwalimu wake akamwambia afiche. Akaficha. Kaptula za serikali zilishonwa kwa ajili ya mtu ambaye bado atakua, zilimfika chini ya magoti, hivyo kuficha hakukuwa kazi.

Walubengo alimweleza mkewe. Nasike alianza kucheka, kisha kicheko kikamwisha mdomoni.

"Woi, mtoto ya wenyewe," alisema. "Sasa uende umwambie Mzungu. Ni neno tu, baba Nekoye. Lugha imewachezea. Hakuna mtu atakulaumu."

"Ni neno tu," Walubengo alikubali.

Hakumtazama machoni. Kulikuwa na jambo la Alhamisi, na hilo hakumweleza.

Alhamisi ile, siku mbili tu kabla ya mbio, Walubengo alikuwa anatoka mjini. Alipofika darajani alimwona Kiptoo anapanda kutoka mtoni, debe la maji begani, anachechemea. Tena si kidogo, alikuwa anautua ule mguu kama mtu anayekanyaga miiba. Kiptoo akainua macho, akamwona mwalimu wake juu ya daraja. Akajinyoosha. Akapita mbele yake amesimama wima, jasho likimtoka.

"Jambo, mwalimu."

"Jambo, Kiptoo."

Basi. Walubengo hakuuliza. Alifikiri, na hili ndilo lililokuwa likimla: nikiuliza, atanijibu. Akatazama maji mpaka kijana akapotea.

Jumatatu alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Bwana Kiko, akarudi. Jumanne vilevile. Karani akamwuliza kama amepoteza kitu. Walubengo akasema ndiyo, kalamu, na wakaitafuta wote wawili kwenye nyasi.

Jumatano akaenda hospitali ya Waafrika. Kiptoo alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa mbao. Jepkemboi alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, kibuyu cha maziwa miguuni pake. Walubengo alimwamkia. Mama aliitikia kwa adabu bila kuinua macho, akaanza kumimina maziwa kikombeni.

"Mwalimu," Kiptoo alisema, na hata kitandani, mikono yake ilitafuta njia ya kwenda nyuma ya mgongo. "Ijumaa nitasema nilidanganya. Nitasema sikukuambia."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Mwalimu hawezi kuwa mwongo mbele ya shule."

Walubengo alitaka ardhi ipasuke. Alishika chuma cha kitanda.

"Usiseme hivyo. Nitazungumza mimi. Kuna... kuna neno tulikosana."

"Ndiyo, mwalimu." Kiptoo alisita. "Lakini naweza kuuliza? Ulisema bibi yako atashona. Nimengoja. Dakta anasema hii haishonwi."

Walubengo alitazama dirishani, machozi yakimlenga, akajifanya anakohoa.

"Nilificha vizuri, mwalimu," Kiptoo akaendelea taratibu, kama anayemfariji mkubwa wake. "Kila mahali. Ni ile siku ya daraja tu nilisahau."

"Pumzika," Walubengo alisema haraka. "Kunywa maziwa. Tutaonana Ijumaa."

Akaondoka. Jepkemboi hakuinua kichwa, lakini alikuwa amekoma kumimina maziwa.

Njiani Walubengo aliweka ahadi. Ijumaa angesema yote, ya stoo na ya daraja. Kazi ikienda, iende. Alilisema kwa sauti, peke yake, na ng'ombe wa kaburu fulani wakamtazama kutoka upande wa pili wa seng'enge. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza.

Ijumaa ikafika. Wanafunzi wote walipangwa ndani ya holi, walimu mbele, Bwana Kiko jukwaani na kiko chake. Kiptoo alisimama kando kwa magongo mawili, sanduku lake miguuni. Mama yake aliambiwa angojee mlangoni.

Bwana Kiko alizungumza Kiingereza kwanza, kisha akamgeukia Kiptoo kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Wewe nasema nini? Wewe naambia mwalimu, ama hapana?"

Kiptoo alijiegemeza kwenye magongo. "Nilidang..."

"Samahani, bwana!" Walubengo alikuwa amesimama. "Kabla hajajibu, naomba nimwulize maswali mawili."

Alipanda jukwaani akiwa na koti la kijani. Akaliinua.

"Kiptoo, hii ni nini?"

"Koti, mwalimu."

"Vizuri. Na hapo kwenye mguu wako, pale katikati palipofungwa mbao, panaitwaje?"

Kiptoo alitazama mguu. Akatazama mwalimu, asijue mtego uko wapi.

"Koti, mwalimu."

Vichwa viligeukiana. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine, na shule nzima ikalipuka. Hata walimu walishika mbavu, wale wa Kimilili na wale wa Nandi, kila mmoja akijua kwamba siku yoyote ingeweza kuwa yeye. Walubengo akaeleza habari ya stoo, bitana, sindano na uzi. Bwana Kiko alitafsiriwa mara mbili. Alipoelewa alitoa kiko mdomoni, akacheka mpaka akawa mwekundu.

"Koti na koti!" alisema. "Toto hapana sema urongo. Mwalimu hapana sema urongo. Shauri nakwisha!"

Akamwambia Kiptoo arudishe sanduku bwenini. Makofi yakapigwa. Wavulana wawili wakalibeba sanduku juu kama mshindi.

Na Walubengo? Alicheka. Mzigo ulikuwa umemtoka, hewa ilikuwa nyepesi, na kila uso uliomtazama ulikuwa wa kirafiki. Alisimama pale na maneno ya daraja yakiwa nyuma ya meno. Akaona hapana haja sasa. Mtoto amebaki shuleni. Kazi imebaki. Nani angefaidika na maneno mengine? Akayameza, na Mungu amsamehe, yalishuka bila shida.

Kiptoo peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mwalimu wake kwa makini, kama aliyekuwa akingoja sehemu iliyobaki.

Walubengo akaanza kulikunja koti.

"Naweza kuuliza?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Jepkemboi alikuwa ameingia holini, leso imefungwa kiunoni, miguu ina vumbi la njia. Wanafunzi wakampisha. Hakuwa na haraka.

"Mama, wacha," Kiptoo alisema kwa sauti ya chini.

"Nitauliza moja tu, halafu niende. Ng'ombe zinaningoja." Alifika mbele, akasimama chini ya jukwaa. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, vile mtoto wake alivyofundishwa. "Mwalimu, nimesikia. Sisi tunasema vibaya, wewe unasikia vizuri. Ni sawa. Tumecheka wote."

Kicheko kilikuwa kimeanza kupungua, mstari kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Lakini mtoto ameniambia, ile Alhamisi kabla ya mbio ulikuwa juu ya daraja. Mtoto akatoka kwa mto na maji, akakuona, na wewe ukamwona. Hakusema kitu siku hiyo. Hakuna neno ya kukosana."

Bwana Kiko aliinama kwa karani wake kuuliza mama anasema nini. Walubengo alisimama na koti mikononi, nusu limekunjwa.

"Sasa nieleze, mwalimu, wewe umesoma," Jepkemboi alisema. "Koti ya kuvaa inachechemea?"